Mama akikwama mpakani, mtoto wa Busanza atalala kwa nani?

Juni 17, 2022, askari mmoja wa Kongo alipigwa risasi na kufa upande wa Rwanda wa Petite Barrière, mpaka mdogo unaotenganisha Gisenyi na Goma. Mamlaka za Kongo zikatangaza kwamba mpaka utafungwa saa 9:00 alasiri badala ya saa 12:00 jioni. Kwa wachuuzi wanaovuka kila siku na nyanya, vitunguu, kuku na maziwa, hiyo ilikuwa hasara ya saa tatu za soko, na mazungumzo yote yakawa ya bei na mzigo.

Kulikuwa na hesabu nyingine. Mama aliyevuka asubuhi akitarajia kurudi jioni alikuwa amemwachia mtu mtoto hadi jioni. Mtu huyo hakuombwa, wala hakulipwa, akae na mtoto hadi kesho yake.

Wafanyabiashara wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Gatuna ilifungwa mwishoni mwa Februari 2019, ikafunguliwa tena Januari 31, 2022. Machi 2020 korona ilifunga mipaka kwa wasafiri huku malori ya mizigo yakipita. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na makombora yakaanguka hadi Rubavu. Na mpaka hauhitaji kufungwa ili mtu akwame. Ajali ya basi inatosha. Malaria inayomlaza mtu hospitali ya Mbarara inatosha. Mzigo uliozuiwa forodhani Rusumo kwa karatasi moja iliyokosekana unatosha.

Katika kila mkasa wa namna hiyo, ikiwa msafiri ni mama anayelea peke yake, na wengi wa wanaofanya biashara ndogo ya kuvuka mpaka upande wa Rwanda ni wanawake, swali la kwanza halihusu mzigo. Mtoto wa miaka mitatu aliyebaki nyumbani atalala kwa nani usiku wa leo?

Majirani hawahamishwi kwa lori

Swali hilo linapata uzito wa pekee Busanza. Eneo hili la umurenge wa Kanombe, wilaya ya Kicukiro, si mbali na uwanja wa ndege wa Kigali, ndiko zilikohamishiwa familia za Kangondo na Kibiraro kutoka Nyarutarama, wilaya ya Gasabo, mtaa ambao jiji zima liliujua kwa jina la Bannyahe. Mvutano wa kuhama ulidumu miaka. Wakazi wengi walitaka fidia ya fedha taslimu, wakaahidiwa nyumba. Kesi zikafika mahakamani. Na Septemba 2022 nyumba za mwisho za Bannyahe zikabomolewa.

Mjadala wa wakati ule ulikuwa wa thamani: nyumba ya vyumba vingapi inalingana na kiwanja gani. Hilo lilikuwa haki yao kulijadili. Lakini kuna mali ambayo haikuingia katika daftari la mthamini. Bannyahe watu walikaa kwa kubanana. Mlango wa mmoja ulitazamana na jiko la mwingine, na mtoto akilia usiku ukuta haukuficha kitu. Ubanano huo ulikuwa na madhara yake, kuanzia choo hadi moto, na hakuna sababu ya kuupamba leo kwa kuwa umeshapita. Ila ulikuwa pia ndio utaratibu wa dharura wa watoto. Mama aliyechelewa alijua kwamba mtu fulani atamwona mtoto ameketi mlangoni, atamwita ndani, atampa ugali na maharage, na kesho hapatakuwa na kesi.

Busanza ni majengo ya ghorofa yenye ngazi na milango inayofungwa. Kwa maji, umeme na usafi, ni hatua ya mbele. Kwa upande wa malezi ya dharura, familia ilifika na vitanda vyake na watoto wake, lakini bibi aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu huenda alipewa jengo jingine, au alikuwa mpangaji tu Bannyahe, asipewe nyumba kabisa na akaenda zake kusikojulikana. Wapangaji hawa hawatajwi sana, ingawa katika mitaa ya aina hiyo wao ndio wengi, na ndio waliokuwa wakibaki na watoto wa wenye nyumba. Ujirani mpya hujengeka, bila shaka. Hujengeka kwa miaka, si kwa siku ya kukabidhiwa funguo.

Ongeza umbali. Anayetoka Busanza kwenda kufunga mzigo Rubavu hudamkia Nyabugogo upande wa pili wa jiji, kisha safari ya basi ya zaidi ya kilomita 150. Huyo hawezi kukimbia nyumbani mara moja kutazama mtoto.

Nchi iliyofunga vituo vya yatima

Rwanda haianzi sifuri. Mwaka 2012 hesabu iliyofanywa na Wizara ya Jinsia na Maendeleo ya Familia pamoja na shirika la Hope and Homes for Children ilikuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33 vya kulelea watoto. Wengi walikuwa na ndugu walio hai. Mwaka huohuo serikali ilipitisha mkakati wa kubadilisha malezi, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee watoto katika familia. Vituo vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, watoto wakarudishwa kwa ndugu au kupelekwa kwa familia zilizoandaliwa kuwapokea, zinazoitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi.

Uamuzi huo ulikuwa na ushahidi nyuma yake. Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika vituo vya Bucharest. Baadhi wakachaguliwa kwa kura kwenda kwa familia za malezi, wengine wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Waliokwenda kwa familia wakiwa wadogo zaidi walikua vizuri zaidi kiakili na kimahusiano. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema kwamba watoto, hasa wa chini ya miaka 3, walelewe katika mazingira ya familia. Kwa hiyo anayependekeza leo kwamba dawa ya mama aliyekwama ni kujenga bweni la watoto Busanza anairudisha nchi pale ilipotoka.

Kilichowekwa mahali pa vituo ni watu. Katika kila mudugudu kuna Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojitolea. Nchi ina vijiji 14,837, kwa hiyo ni jeshi la karibu watu 30,000. Juu yao wapo maofisa wa ulinzi wa mtoto wilayani, na juu zaidi Shirika la Taifa la Maendeleo ya Mtoto lililoundwa mwaka 2020. Mtoto aliyebakwa au kupigwa ana vituo vya Isange, cha kwanza kikiwa kile kilichofunguliwa hospitali ya Kacyiru mwaka 2009, ambako daktari, polisi na mshauri hukaa chini ya paa moja. Nchi chache za ukanda huu zinaweza kuonyesha mpangilio wa namna hii hadi ngazi ya mudugudu.

Tatizo ni mahali mlango unapofungukia. Mlango wa mfumo huu hufunguka mtoto akishaumia, akishatelekezwa au akishaonekana barabarani. Anayebisha hodi ni jirani, polisi au mwalimu anayetoa taarifa. Mzazi mwenyewe, mwenye akili timamu na mapenzi yake yote, anayetaka kusema "nimekwama, nishikieni mtoto siku tatu", hajui abishe wapi. Akibisha, anaogopa. Sheria namba 71/2018 ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumtelekeza mtoto, na mama hana hakika mstari unapita wapi kati ya aliyetelekeza na aliyechelewa. Wengine wanaogopa zaidi ya hapo: kwamba mtoto akishaandikwa katika daftari la serikali, kumrudisha itakuwa kazi ya mihuri.

Matokeo yake yanafahamika kwa kila mwenye kibanda sokoni. Mtoto wa miaka tisa anaachiwa wa miaka miwili. Yaya aliyeajiriwa juzi, naye msichana wa kijijini asiye na jamaa jijini, anakaa na watoto siku nne badala ya moja, chakula kikimwishia siku ya pili. Au mtoto anabebwa mgongoni hadi mpakani. Rubavu watu walizoea kuona watoto wameachwa kandokando ya njia ya mpaka mikononi mwa watoto wenzao, hadi kukawekwa kituo cha kulea watoto wa wanawake wanaovuka. Kituo hicho ni jambo jema kweli, lakini ni cha mchana, na kinamsaidia mama wa Gisenyi anayerudi jioni. Mama wa Busanza mtoto wake yuko Busanza.

Vituo vya malezi ya awali navyo vimeenea sana nchini. Vimepita 30,000, vingi vikiwa vya nyumbani, ambapo wazazi wa eneo moja hupokezana kulea. Kwa lishe na makuzi vimefanya kazi kubwa. Ila vile vya nyumbani kwa kawaida ni vya saa chache za asubuhi. Dharura haina tabia ya kutokea asubuhi.

Siku tatu bila kesi

Nchi nyingine zimelikuta tatizo hilohilo kwa sura tofauti. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1986 ya kusaidia vituo vinavyopokea watoto wa familia zilizo katika mkasa. Wazo lake ni rahisi: mzazi aliyefukuzwa nyumba, anayekwenda kujifungua au aliyefikia mahali anaogopa atampiga mtoto, anamleta mtoto mwenyewe, saa yoyote, kwa saa au siku chache, bila malipo au kwa malipo madogo, na anabaki kuwa mzazi kisheria muda wote. Haki hazihami. Vituo hivyo ni vichache na fedha zake huyumba kila bajeti, kwa hiyo si mfano wa kunakiliwa tofali kwa tofali. Cha kuchukua pale ni kanuni moja tu: kuomba msaada hakugeuzwi kuwa ushahidi dhidi ya mwombaji.

Tanzania, iliyo karibu zaidi, ina familia za kuaminika. Hizi ni kaya zilizochunguzwa na kuandaliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambazo ofisa ustawi wa jamii anaweza kuzipigia simu usiku ili zimpokee mtoto kwa muda mfupi. Mtoto hulala katika nyumba ya kawaida, mtaa wa kawaida. Kenya nayo, kwa Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wake wa miaka 10 wa kuhama kutoka vituo kwenda familia, imeelekea njia iliyokwishaanzwa na Rwanda, na imetambua pia kafala, malezi yanayofuata taratibu za Kiislamu.

Kwa maneno mengine, kiungo cha kaya zilizoandaliwa kipo Rwanda (Malayika Murinzi), kipo Tanzania, kinajengwa Kenya. Kinachokosekana Busanza ni mzazi kuruhusiwa kukitumia mwenyewe, kabla maji hayajafika shingoni.

Na hapa wafanyabiashara wana kitu ambacho maofisa hawana. Wana vikundi. Kikundi cha kuweka na kukopa, kile Wanyarwanda wanachokiita ikimina, ni watu 15 au 30 wanaokutana kila wiki, wanaojuana nani mlevi, nani mkweli, nani mumewe hapendi watoto wa watu. Wanaaminiana kwa fedha, na fedha ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote sokoni. Kila kikundi kikitaja kaya mbili ambazo wanachama wangeziachia watoto, Inshuti z'Umuryango wakazitembelea, ofisa wa wilaya akazichunguza na kuziandikisha kama zinavyoandikishwa familia za Malayika Murinzi, umurenge wa Kanombe ungekuwa na orodha ya kuanzia bila kujenga chumba hata kimoja.

Uchunguzi huo hauwezi kurukwa kwa kisingizio cha kujuana. Watoto wanaodhulumiwa kingono mara nyingi hudhulumiwa na mtu wanayemfahamu, si mgeni wa njiani. Mwanakikundi mwema anaweza kuwa na kaka au mpangaji asiyefaa kulala nyumba moja na mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo kaya ndiyo ichunguzwe, pamoja na wote wanaolala humo, wala isiwe sifa ya mama mwenye nyumba peke yake. Hili litachelewesha orodha, na litawaudhi baadhi ya watu wema. Afadhali hivyo.

Kisha kuna gharama. Mtoto wa siku tatu anakula, anaweza kuugua, na anahitaji godoro. Kumwachia mzigo huo jirani kwa jina la utu ni kumfanya jirani maskini alipie dharura ya jirani maskini. Vikundi vingi tayari vina mfuko mdogo wa kijamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Kuongeza watoto katika mfuko huo ni suala la kikao kimoja. Lakini mfuko wa wachuuzi hautabeba mkasa wa wengi kwa pamoja, kama ule wa Januari 2025 ambapo mji mzima uligeuka uwanja wa vita. Hapo fungu la wilaya au la jiji halikwepeki.

Karatasi nayo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mfanyabiashara anayebeba cheti cha asili ya bidhaa, kibali cha kuvuka na risiti za ushuru anaweza kubeba karatasi moja zaidi: jina la mtoto, ugonjwa alio nao kama upo, kadi yake ya bima, kaya atakayokaa, na sahihi ya mzazi inayoruhusu kaya hiyo kumpeleka hospitali. Nakala ibaki kwa kiongozi wa mudugudu. Bila sahihi hiyo, jirani anayefika zahanati na mtoto asiye wake saa nane za usiku hukutana na maswali kabla ya kukutana na daktari.

Namba moja, nchi nne

Upo upande wa ng'ambo pia. Mama wa Busanza akilazwa Uganda au akizuiliwa Tanzania, nani atamjulisha aliyebaki na mtoto? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha Sera ya Mtoto mwaka 2016, na inazungumzia ulinzi wa watoto kuvuka mipaka. Sera haipokei simu usiku. Kuna kitu kingine kinachopokea: namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo ni hiyohiyo Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania. Namba moja katika nchi nne ni bahati.

Hata hivyo kila 116 hujibu ndani ya nchi yake. Anayepiga akiwa Mutukula au Busia anapata watu wa upande aliosimama, ambao kazi yao imejengwa kwa mtoto aliye katika nchi hiyo. Kuziunganisha dawati kwa dawati, ili Kampala ipokee habari ya mama aliyelazwa na kuipeleka Kigali, na Kigali imfikie rafiki wa familia katika mudugudu wa Busanza usiku huohuo, ni kazi ya makubaliano na lugha kuliko ya mitambo. Lugha ipo, ni hii.

Vituo vya pamoja vya mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, vinaweza kuanza na jambo dogo zaidi. Msafiri anapozuiliwa au anapougua, fomu anayojazwa ina nafasi ya mzigo, thamani yake na gari lililoubeba. Haina gharama kuongeza mstari unaouliza kama ameacha mtoto nyumbani, na nani apigiwe. Vyama vya wafanyabiashara vinavyokaa na maofisa wa forodha kila mara kudai punguzo la vikwazo visivyo vya kiushuru vinaweza kulidai hili katika kikao hichohicho.

Kwa Busanza yenyewe, kalenda ni fupi. Mwaka wa fedha wa Rwanda huanza Julai 1, na ahadi za utendaji za wilaya, imihigo, hupangwa kabla ya hapo. Kicukiro ikitaka kuandikisha kaya za kupokea watoto kwa ombi la mzazi, zikiwamo chache ndani ya majengo ya Busanza, jambo hilo linahitaji kuingia katika imihigo likiwa na idadi ya kaya, jina la ofisa anayepokea simu usiku, na fungu la chakula. Umugoroba w'imiryango, kikao cha jioni ambako familia za mudugudu hujadili mambo yao, ndipo pa kulianzisha. Wanaosafiri sana ndio wanaokosa kikao hicho mara nyingi, kwa sababu saa hiyo wako kwenye basi wakirudi kutoka mpakani, kwa hiyo watalazimika kutuma mwakilishi wa kikundi, au kikao kisogezwe hadi Jumapili.